Kodi ya Mguu wa Nne

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, tarehe 14 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu,

Marahaba. Naitikia kabla sijasikia, maana najua hapo ulipo, ukiona tu mwandiko wangu, shikamoo inakutoka mdomoni hata kama uko peke yako chumbani. Ndivyo tulivyolelewa, na umbali haufuti malezi.

Haya, hujambo? Wifi yangu hajambo? Watoto wameshazoea baridi, au bado wanalala na soksi? Na lile goti lako je? Ulisema daktari amekukataza kupanda ngazi. Nakujua wewe, ukikatazwa kitu ndipo unapokitafuta. Tulia, baba, goti halina spea.

Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Shemeji yako anakohoa asubuhi, lakini nikitaja tu zahanati kikohozi kinapona hapohapo. Mimi ni mzima, ila mgongo unanikumbusha umri kila nikiinua mbao. Bado niko palepale stoo ya chuo cha ufundi, nyuma ya dirisha la nyavu, nagawa mbao, gundi, msasa, na maneno makali kidogo kwa wanaostahili.

Najua unajiuliza kwa nini sikupiga simu. Ningepiga, salio lingekwisha tukiwa bado kwenye goti. Na hili nililonalo si la kusimuliwa mbiombio. Ni habari ya mpwa wako, binti yangu, na nataka ukimaliza kuisoma umsomee na wifi yangu kwa sauti.

Unakumbuka ulivyocheka alipoanza kufundisha. Ulisema, "Dada, mtoto kasoma miaka yote ile aje kufundisha watu kukatwa?" Sikukujibu siku ile kwa sababu, nisikufiche, hata mimi nilikuwa nimeshacheka. Somo la kodi! Kwa vijana waliokuja kujifunza useremala! Nilimwambia mwanangu, bora ungefundisha hesabu tu, watu wangekuogopa kwa heshima.

Chuo chenyewe kilimpokea shingo upande. Walimpa kibarua cha muhula, si ajira, na kipindi kimoja tu kwa wiki, Ijumaa baada ya chakula cha mchana, saa ambayo hata nzi wamelala. Mkuu wa chuo alimwambia waziwazi, na mimi nipo: somo hili ni la majaribio. Siku ya maonyesho bodi ya chuo itakuja kuona. Ikiona halina faida, kipindi kinarudi kwenye useremala, na mwalimu anaaga. Kwa hiyo, mdogo wangu, elewa hapo. Kibarua cha mwanangu kilikuwa kinaning'inia kwenye siku moja.

Mkuu si mtu mbaya, ni mtu wa ratiba tu. Anatembea na filimbi shingoni, na kama angeweza angeipulizia hata mvua.

Mimi nilikuwa nasikia kila kitu, maana stoo yangu na karakana zimetenganishwa na ukuta wa mabati. Siku ya kwanza mpwa wako hakuandika chochote ubaoni. Alichukua kopo la gundi lililokwisha, akaliweka juu ya benchi, akauliza, "Hii gundi ni ya nani?" Wakajibu, "Ya wote!" Akauliza, "Ikiisha anajaza nani?" Mmoja akasema, "Mama wa stoo." Nikapaza sauti kutoka ndani kwamba mama wa stoo hazai gundi. Wakacheka, na usingizi ukawatoka.

Kumbe alikuwa ameona jambo ambalo sote tulilizoea mpaka tukaacha kuliona. Pale karakana vitu vya pamoja vilikuwa vinakufa. Misumeno butu hakuna wa kuinoa, maranda sakafuni hakuna wa kufagia, benchi limelegea linafungwa kamba. Kila mtu anatumia, anaondoka. Akawaambia, "Nyinyi ni nchi isiyo na kodi. Tungeni yenu." Wakashtuka, wakadhani anataka hela. Hela watazitoa wapi, wakati wengi wanakuja chuoni kwa miguu? Akawaambia kodi ya kwao itakuwa saa za kazi. Utalipa kwa kunoa, kufagia na kukarabati. Kazi yao ni kuamua nani alipe, kwa kipimo gani.

We! Ulikuwa hujasikia kelele. Wengine walitaka kila kichwa kilipe sawa. Akasimama msichana mmoja wa mwaka wa pili wanayemwita Randa, kwa kuwa akishaongea hakubaki mkwaruzo. Ni mwembamba, ana mtoto mchanga anayemwacha kwa bibi yake, na hana aibu ya kusema. Akasema, "Mimi natengeneza stuli moja, huyu anatengeneza kabati, kwa msumeno uleule. Tulipe sawa kwa lipi?" Hapo darasa likagawanyika. Mimi nilikuwa nimeacha kuhesabu misumari, sikio liko ukutani.

Mwisho wakakubaliana alipe anayezalisha. Na kwa kuwa darasa zima lilikuwa linatengeneza stuli za maonyesho, zile ambazo wageni wenyewe wangezikalia, wakaandika sheria yao ubaoni kwa herufi kubwa: stuli ikishakamilika, yaani ikisimama kwa miguu yake minne, aliyeitengeneza anadaiwa saa ya kazi za karakana. Wakapiga makofi. Wakamchagua Randa kuwa waziri wa kodi. Mpwa wako akaisoma sheria ile, akainamisha kichwa kidogo kama mtu aliyeonja chumvi, akawaachia kama ilivyo.

Sasa kulikuwa na kijana mmoja wanayemwita Kona, kwa sababu hajawahi kupita njia iliyonyooka hata akienda chooni. Kona aliisoma ile sheria, akairudia, akatabasamu. Mimi nikiona mtu anatabasamu mbele ya sheria, nafunga stoo kwa komeo.

Wiki iliyofuata stuli ya Kona ilikuwa imeegemea ukuta. Miguu mitatu ipo, tundu la mguu wa nne liko wazi. Akaulizwa, hii vipi? Akajibu kwa adabu zote, "Bado haijakamilika, mwalimu." Basi, hadaiwi. Utamshika wapi? Sheria imesema miguu minne.

Ujanja ukigunduliwa na mmoja, wa pili hachelewi. Haikupita muda karakana nzima ikawa na stuli za miguu mitatu, zimeegemezwa ukutani foleni nzima. Na kodi ikakauka. Hakuna anayemaliza, kwa hiyo hakuna anayedaiwa, kwa hiyo hakuna anayenoa. Misumeno ikawa haikati hata mkate. Maranda yakatufika vifundoni. Hali ikawa mbaya kuliko kabla ya kodi, na Randa waziri wa watu akawa anafagia peke yake, kwa sababu ya aibu tu.

Siku moja funguo zikaniponyoka karakana, nikainama kuziokota. Chini ya benchi la Kona nikaona kitu kimefungwa kwa kitambaa. Unajua mimi na kitu kilichofungwa. Nikafungua. Mguu! Umenyooka, umepigwa msasa, uko tayari. Nikachungulia benchi la jirani, mguu. La mbele yake, mguu. Mdogo wangu, watoto wale walikuwa wamemaliza kazi yote, wamebakiza kugonga nyundo tu!

Nilimfuata mwanangu nyumbani moto unaniwaka. "Wanakuchezea shere," nikamwambia. "Kesho toa amri, kila mtu agonge mguu wake."

"Najua, mama. Nimeshaiona hiyo miguu."

"Umeiona, ukanyamaza?"

"Nikitoa amri watajifunza kwamba mwalimu ana amri, na hilo wanalijua tangu chekechea. Waache waone wenyewe kodi ikiwekwa mahali pabaya inafanya nini. Watairekebisha kabla ya maonyesho."

"Wasiporekebisha?"

Aliinuka akaenda kuosha vyombo, na wewe unamjua mpwa wako, kuosha vyombo bila kutumwa ni mpaka awe na hofu. Baba yake akaniambia nimwache. Nikamwambia yeye anyamaze na kikohozi chake.

Ijumaa ya mwisho kabla ya maonyesho akawapa nafasi. Randa akasimama, akawasihi wabadilishe sheria, akawaonyesha ile misumeno. Wakapiga kura. Upande wa Kona ukashinda, maana nani apige kura ya kujiongezea kazi? Mwanangu akasema, "Sawa, sheria ni yenu," akachukua begi lake akaondoka. Nilikuwa dirishani nikasonya mpaka meno yakauma.

Asubuhi ya maonyesho niliamka na nia yangu. Nilifika chuoni mapema, nikachukua nyundo ya mbao, nikasema miguu hii nitaigonga mwenyewe, moja moja, na atakayedaiwa adaiwe. Nimefika mlangoni mwa karakana, nani huyo mbele yangu? Mpwa wako. Akaichukua ile nyundo mkononi mwangu, taratibu, kama unavyomchukulia mtoto kisu. Akasema, "Mama, ukiwasaidia leo nitakuwa nimewadanganya muhula mzima." Nilitaka kumzaba kibao na kumkumbatia kwa wakati mmoja. Sikufanya lolote, nikaenda stoo nikajifungia.

Basi, wageni hao. Wazazi wamevaa vizuri, bodi imefika na magari, mkuu ana tai mpya na filimbi yake ileile. Wakazunguka kwa washonaji, wakazunguka kwa mafundi wa umeme, wakaja karakana wamechoka, jua kali, kila mtu anatafuta pa kukaa. Mwenyekiti wa bodi ni mzee mnene, mkandarasi mstaafu, na sura yake siku ile ilikuwa ya mtu aliyekosa kifungua kinywa. Akaona stuli zimepangwa ukutani, akavuta moja, akaiweka chini, akaanza kushuka.

Nilipiga kelele kutoka dirishani, "Mzee, usikae!" Lakini mtu mzima akishaanza kukaa hana breki. Stuli ikapinduka. Mzee akamdaka mkuu kwa tai mpya, na mkuu akadaka benchi, na kwa bahati lilikuwa lile lililofungwa kamba, likashikilia. Wakabaki wananing'inia pale wawili, mmoja mwekundu macho, mwingine amekabwa shingo.

Hakuna aliyecheka. Mkuu akajinyoosha, akaangalia stuli ile, akaangalia zote, akaona matundu. "Mwalimu!" akasema, na sauti ilifika mpaka getini. "Haya ndiyo matunda ya somo lako? Wageni wakae wapi? Wakae juu ya kodi?"

Mzazi mmoja mwenye mdomo mrefu akasema kutoka nyuma, "Asiyesikia la mkuu..." na umati mzima ukamalizia, "huvunjika guu!" Hapo ndipo kilipolipuka kicheko. Watu wazima wanashika mbavu, na mwanangu yuko katikati, mikono ameificha nyuma, anavunjavunja kipande cha chaki. Lakini mimi niko nyuma yake, niliiona. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nilijiambia, kwisha habari yetu.

Unajua alifanya nini? Hakulia, hakujitetea, hakuwasingizia watoto wa watu. Alisubiri kicheko kiishe, akasema, "Mkuu, swali lako ni zuri, lakini si mimi wa kulijibu. Karakana hii ina serikali yake. Serikali ijibu."

Randa akatoka mbele, unga wa mbao umemjaa kwenye nywele. Akamwamkia mwenyekiti, akamwomba radhi, kisha akasema, "Mzee, hatukushindwa kuzimaliza stuli. Tulitoza kodi kwenye kumaliza, kwa hiyo watu wakaacha kumaliza. Kosa si la mbao, ni la sheria, na sheria tumeitunga wenyewe." Akaeleza yote, tangu kopo la gundi. Akaeleza kodi ya kichwa ingemuumiza nani, wakachagua nini, na mianya ikapatikana wapi. Akauinua msumeno mmoja akampa mwenyekiti aupitishe kidole. Mzee akaupitisha, akaangalia kidole chake, hakikupata hata mkwaruzo.

Mzee akauliza, "Na huu ujanja wa tundu aliuanzisha nani?" Watu wote wakaangalia kona aliyokuwa amesimama Kona. Kijana akajitokeza. Nampa haki yake, hakukimbia. Akasema, "Ni mimi, mzee. Lakini sikuvunja sheria." Mzee akamtazama juu mpaka chini, akasema, "Ningekuwa na wewe ofisini kwangu zamani, ningekuwa tajiri au ningekuwa gerezani." Ndipo nikaona uso wake unalegea.

Mwanangu akasema, kwa sauti ile yake ya chini, "Kikao kiendelee." Na kikaendelea, mbele ya wageni! Waliosimama wakaegemea ukuta, waliochoka wakakaa sakafuni juu ya maranda na nguo zao nzuri. Kona mwenyewe ndiye aliyetoa hoja ya kwanza. Alisema kodi iwekwe kwenye mbao, pale mtu anapochukua dirishani stoo, kwa sababu mbao haifichiki chini ya benchi. Mwizi ndiye anayejua mlango usiofungwa vizuri, hapo nilimkubali.

Randa akapinga. Akasema mgeni wa mwaka wa kwanza anaharibu mbao nyingi, mtakuwa mnamtoza kwa kujifunza. Wakabishana, baba mmoja dereva wa lori akaingilia, mama mmoja mshonaji akamjibu, mkuu naye akajisahau akanyoosha kidole aruhusiwe kuongea. Mkuu! Wakaafikiana kwamba mbao za mazoezi za mwaka wa kwanza zisitozwe, nyingine zote zitozwe. Ikaja kura. Mwenyekiti wa bodi akainua mkono.

Randa akamwambia, "Samahani sana, mzee. Wewe hujalipa hata saa moja hapa. Hupigi kura."

Nilifumba macho. Nilijua sasa tumefukuzwa kweli, na mimi na stoo yangu. Nikasikia kicheko, nikafumbua. Mzee alikuwa ameshusha mkono, anacheka mpaka tumbo linamtikisika, anafuta machozi kwa kitambaa.

Sheria ikapita. Randa akaifuta ile ya zamani, akaiandika mpya. Akageuka akasema, "Jamani, kumaliza sasa hakuna kodi." Wallahi, mdogo wangu, hajafunga mdomo watu wameshainama chini ya mabenchi. Vitambaa vikafunguliwa, miguu ikatoka, nyundo zikaanza. Karakana nzima inagongwa kwa pamoja, wazazi wameziba masikio na wanacheka. Stuli zikasimama moja baada ya nyingine, na wageni wakakaa. Mwenyekiti alikalia ileile iliyomwangusha. Aliijaribu kwanza kwa mkono, si mjinga.

Nilikuwa nimesimama dirishani, machozi yananichuruzika, na fundi umeme mmoja anataka nimpe waya. Nikamwambia subiri, siku ya leo waya unaweza kusubiri. Nilijisikia fahari mpaka nikaona haya. Yule ni mwanangu! Aliweka kibarua chake mezani, akawaachia watoto wa watu wakishike, ili waelewe kitu kimoja sawasawa. Mimi nisingeweza. Wewe ungeweza? Sema kweli.

Wanasema mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kwa hiyo mbele yake simsifu, namwambia tu nguo yake imekunjamana. Sifa zote namaliza kwako.

Bodi ikaondoka bila kutamka neno juu ya somo. Mwenyekiti alimpa mwanangu mkono, akasema, "Tutaona," akapanda gari. Hiyo "tutaona" ilitukalisha roho juu mwezi mzima. Mpwa wako aliosha vyombo mpaka vikang'aa.

Katika kusubiri huko, mimi nimepandishwa cheo bila kuulizwa. Kwa sheria mpya kodi inaanzia dirishani kwangu, kwa hiyo mkusanya kodi ni mimi dada yako! Zamani vijana wale walikuwa wananiita mama kipenzi. Sasa wakiniona wanavuta pumzi. Kila anayekuja na kijikaratasi cha kuombea mbao namwandikia saa zake ubaoni, na kila mmoja ana hadithi. Huyu anaumwa mkono, yule ana msiba wa jirani wa binamu yake.

Nikafanya kosa, nitakwambia na hili ucheke. Randa alikuja siku moja macho yamevimba, mtoto hakulala. Nikampa mbao, sikuandika kitu. Nilimwonea huruma, kuna ubaya gani? Ijumaa mpwa wako akapitia ubao, akaja dirishani, darasa zima linasikiliza. "Mama wa stoo," hakuniita mama, "mbao za Randa ziko wapi hapa?" Nikasema nimemsamehe. Akasema, "Nani amekupa mamlaka ya kusamehe?" Mimi! Niliyemzaa! Niliyemwosha!

Nikanuna. Na Randa naye akasema mbele ya wote kwamba hakuomba na hataki. Lakini mwanangu hakuishia hapo. Akawauliza darasa, je, mwenye mtoto anayenyonya apunguziwe? Wakasema apunguziwe, nusu. Wakaandika, kila mwenye mtoto mchanga, awe Randa awe mwingine. Jioni nikamwambia amenivunjia heshima. Akaniambia, "Mama, huruma yako ni nzuri, lakini ilikuwa inamfikia anayekujua tu. Sasa inamfikia hata usiyempenda." Nikakaa nalo, nikaona ni kweli, lakini sikumwambia. Na sijamwambia mpaka leo, usinichongee.

Huku kwingine mambo ni ya kawaida. Paa la jikoni tumelibadilisha, lile bati lililokuwa linavuja kwenye sufuria halipo tena. Mama mdogo macho yamefanyiwa matibabu, anaona vizuri, sasa anatuambia sote tumezeeka. Kaka mkubwa bado anajenga ile nyumba yake, na ukimuuliza itaisha lini anabadilisha mazungumzo. Shemeji yako anakusalimia sana, anasema ukija umletee shoka la huko, amesikia yana makali. Mama mdogo anasema ule, unaonekana mwembamba kwenye picha. Binamu yetu fundi saa anasalimu, na jirani wa nyuma naye, yule mwenye redio. Msalimie wifi yangu kwa mikono miwili, na wanao uwabusu vichwani hata kama wanakimbia.

Najua tangu hapo juu unanung'unika, "Na bodi je? Dada, bodi!" Subira, nilikuwa nasalimu kwanza. Adabu ni adabu.

Mwisho wa mwezi uliopita nilikuwa stoo, foleni ndefu, napima msasa. Mlango wa nyuma ukafunguka kwa kishindo, mpwa wako akaingia anahema, ameshika karatasi yake ya mshahara. Alikuwa ananificha, mtoto yule! Barua ya ajira alishapewa mwanzoni mwa mwezi, ya kudumu, afundishe kodi chuo kizima, washonaji, mafundi umeme, wote, na kipindi asubuhi watu wakiwa macho. Alinyamaza mpaka aipate karatasi ile mkononi, kwa sababu aliogopa nisimwamini, au aliogopa mwenyewe asijiamini. Hakunionyesha mshahara. Alinionyesha kwa kidole mstari mmoja chini yake.

"Mama, ona. Nimeanza kulipa kodi."

Mdogo wangu, kibarua cha muhula kilikuwa kidogo kiasi kwamba kodi ilikuwa inampita kama haimwoni. Muhula mzima amewafundisha wengine jambo ambalo yeye mwenyewe hajawahi kuhesabiwa nalo. Mimi nimekatwa miaka yote ya stoo, na kila mwezi nasonya. Siku ile nilipiga kigelegele mpaka mkuu akapuliza filimbi akidhani kuna moto. Mwanangu analia, mimi nalia, na dirishani foleni ya vijana inasubiri msasa, Randa akiwa wa kwanza, nao wanapiga makofi bila hata kujua ni ya nini.

Mungu akupe afya, akuponye goti, akuzidishie riziki hata na kile wanachokikata, na akurudishe kwetu ukiwa mzima ili umpe mpwa wako mkono mwenyewe.

Ni mimi dada yako, nikupendaye tangu siku ulipozaliwa na kunitoa kwenye mgongo wa mama,

Mama wa Stoo